Tambi za sufuria moja: nyama ya kusaga, nazi na kuku, au samaki wa kopo? Upike ipi ukirudi umechoka

Mke wangu ni nesi, na wiki anayoingia zamu ya usiku jikoni ni mimi, hapo hamna ubishi. Nashuka Kimara, hapa Dar, saa moja jioni na ushee kama foleni haijanikomoa, nikifungua mlango watoto wawili wameshaoga wananiangalia usoni kama mimi ndo sahani, na dada anayekaa nao mchana ameshabeba pochi anaaga. Ugali nausonga vizuri tu, ila ugali unataka mboga, na mboga ichambuliwe, ioshwe, ikatwe, maharage nayo kama hayakuchemshwa jana ndo sahau kabisa. Ndo nikahamia kwenye tambi. Na siyo zile za kuchemsha huku, kuchuja kule, mchuzi kwenye jiko la pili, mkimaliza kula unakuta sinki lina sufuria mbili, chujio, kikaango na mwiko vinakusubiri saa tatu usiku. Hapa naongelea kila kitu ndani ya sufuria moja, maji yanaishia humohumo, hamna kuchuja.

Nimezipika karibu kila namna mwaka huu, nikabaki na tatu ambazo naona zinastahili kushindanishwa. Sasa ukiuliza watu ipi nzuri wengi watakuambia nyama ya kusaga bila hata kufikiri, na mi nilikuwa hivyohivyo, ila nimeshabadilika, nyama ya kusaga ni tamu kweli lakini ya Jumamosi, siyo ya Jumanne saa moja na nusu. Nitaeleza kwanini.

Ila kabla ya yote, maji. Watu wakijaribu sufuria moja mara ya kwanza wakashindwa, mara nyingi wameshindwia hapo. Ukichemsha tambi kawaida unamwaga yale maji yaliyokuwa meupe, ule weupe ni wanga uliotoka kwenye tambi. Huku humwagi, wanga unabaki ndani na ndo unaofanya rojo liwe zito na ling'ang'anie tambi lisichuruzike chini ya sahani. Ndo uzuri wake na ndo balaa lake, maana ukikosea kipimo huna pa kumwagia. Mi nahesabu mililita 250 mpaka 300 kwa kila gramu 100 za tambi, kwahiyo pakiti ya gramu 400 inakula lita moja na kidogo. Natumia chupa ya maji ya nusu lita, chupa mbili naweka mwanzo, ya tatu nakaa nayo pembeni naongeza kidogo kidogo nikiona panakauka. Kuongeza unaweza, kupunguza huwezi. Na nyanya zina maji, tui ni maji, vyote vihesabu humo, usiweke lita nzima halafu umwage na kopo la tui juu yake ukategemea muujiza.

Kingine ni tambi zenyewe. Angalia pakiti kama wameandika durum, hiyo ni ngano ngumu, tambi zake zina rangi ya manjano hivi na zinavumilia kuchemka ndani ya mchuzi bila kupondeka. Zile nyeupe nyeupe za ngano laini kwenye maji mengi ya kuchuja zinaweza zikapita, ila kwenye sufuria moja zinageuka. Niliwahi kununua za bei chee, zinapimwa kwa kilo kwenye mfuko usio na hata jina, nikapika na nyama nzuri tu, mdogo wangu wa mwisho akachota kijiko akaniuliza baba huu ni uji wa nini. Nusu kilo ya nyama ilienda hivyo.

Na sufuria iwe pana yenye tako zito. Zile za aluminiamu nyepesi zinaunguza chini wakati juu bado pabichi, sababu rojo la wanga linapenda kushika chini, kwahiyo kama unayo hiyo tu basi moto uwe mdogo na usiondoke pale jikoni, koroga kila baada ya dakika mbili hivi.

Haya tuje kwenyewe.

Nyama ya kusaga

Hii ndo bingwa wa sifa. Nusu kilo ya nyama, vitunguu viwili, hoho, karoti iliyokwaruzwa, nyanya tatu nne, kijiko cha nyanya ya kopo, kitunguu swaumu, bizari nyembamba na pilipili manga. Tatizo lake ni kwamba utamu wote uko kwenye kukaanga, na kukaanga hakutaki haraka. Nyama ya kusaga ikiingia kwenye sufuria inatoa maji kwanza, inakaa pale inachemka kwenye maji yake na rangi ya kijivu, na wengi hapo ndo wanamwaga nyanya, wanakuja kulalamika mchuzi hauna ladha. Subiri. Maji yakauke, uanze kusikia sauti inabadilika kutoka kuchemka kwenda kukaanga, ile tsss, nyama ishike kahawia na chini pawe na ukoko kidogo, hapo ndo kitunguu kiingie kiufute ule ukoko. Hiyo peke yake ni dakika kumi na mbili kwangu. Halafu viungo, nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge, ndo maji, ndo tambi ulizozivunja katikati (Waitaliano watanisamehe, ila sufuria yangu na urefu wa spageti haviendani), dakika kumi na mbili tena. Jumla ni dakika 35 kama hamna aliyekuita kumsaidia hesabu za kutoa za kukopa.

Na hapo nyama iwe imeshayeyuka. Kama iko friza imekuwa jiwe ndo umekwisha, labda kama uliigandisha kijanja. Mi siku hizi nikitoka buchani naigawa mafungu ya robo, kila fungu kwenye mfuko wake, naibonyeza iwe bapa kama chapati ndo naweka friza, ikitoka hivyo unaiweka kwenye beseni la maji baridi na mfuko wake, ukimaliza kubadilisha nguo na kukata vitunguu inakuwa inavunjika vipande. Bonge la kilo zima halifanyi hivyo hata ulibembeleze.

Ukitaka kuipandisha daraja, nenda Kisomali. Wasomali tambi ni chakula chao cha kila siku, wanaita baasto, imebaki kule tangu enzi Waitaliano wanatawala, na wao nyama hawaitii pilipili manga tu, wanatia mchanganyiko wao wa xawaash, ambao ukiuangalia ni vitu vyote tunavyo kwenye kabati la pilau: bizari nyembamba, giligilani kavu, hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari manjano. Na ndizi mbivu pembeni! Nilikula hivyo mara ya kwanza Eastleigh, Nairobi, nikajua mhudumu kakosea oda, kumbe ndo inavyoliwa, unakata kipande cha ndizi unapeleka pamoja na tambi. Wanangu sasa bila ndizi wanaona nimewaibia.

Nazi na kuku

Hapa natumia makaroni, siyo spageti, maana tui linaingia kwenye vile vitundu na kila unachotafuna kinakuwa na rojo ndani. Kuku ni vipande vidogo visivyo na mfupa, vya mapaja ni bora kuliko kifua, kifua kikichemka dakika kumi kinakuwa kama pamba.

Mambo ni tui. Ukiwa na nazi mbili na mbuzi ya kukunia, na mtu wa kukalia hiyo mbuzi, unapata kitu ambacho kopo haliwezi kukupa. Ukiwa peke yako saa mbili kasoro usiku, kopo la mililita 400 ni halali kabisa na asije mtu kukuhukumu. Mimi nilihukumiwa. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kumwona binti yake, binti yake ndo yuko zamu, kwahiyo akanikuta mimi na kiepuroni. Yaani picha yenyewe tu mkwe yuko jikoni na mama mkwe yuko sebuleni ilishakuwa mtihani. Nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, akakaa dakika tano, akashindwa, akaja kusimama mlangoni. Wakati huo nimeshakaanga kuku na kitunguu, nimemwaga maji, nyanya mbili, makaroni, na tui lote la kopo kwa mpigo, nikafunika.

"Baba, umefunika tui?"

Nikamwambia ndio mama, liive haraka. Hakunijibu. Akaja akafunua, na kweli, tui limekatika, mafuta yameogelea juu na chini kuna vichembe vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Akachukua mwiko. Toka siku hiyo napika alivyonielekeza yeye: tui jepesi ndo linaivisha makaroni, tui zito linakuja mwisho. Kama ni la kopo, kopo lisitikiswe, unachota ule mzito wa juu unauweka kwenye bakuli, ule mwepesi wa chini unauchanganya na maji. Makaroni yakibakiza dakika mbili tatu kuiva ndo unamwaga tui zito, moto mdogo, sufuria iko wazi, unakoroga upande mmoja mpaka lianze kutokota taratibu, unazima. Na ndimu hutii mpaka sufuria imeshatoka jikoni, nyanya nazo ziwe chache na ziwe zimeshaiva kabla, sababu uchachu ni adui wa tui sawasawa na moto mkali.

Muda ni nusu saa kwa kopo. Kwa nazi ya kukuna weka saa nzima na mkono unaouma. Ladha, kwangu mimi, hii inaipita nyama ya kusaga. Haina kelele, ukitia tangawizi na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa ikaelea tu juu, nyumba nzima inanukia kama kuna shughuli.

Samaki wa kopo

Huyu ndo ninayempigia debe na najua nusu ya mnaosoma mmeshakunja sura. Kopo moja au mawili ya jodari, au sadini kama mnazipenda, kitunguu, kitunguu swaumu kingi kuliko unavyodhani, nyanya nne, pilipili, tambi. Hapa hamna cha kuyeyusha, hamna cha kusubiri kiwe kahawia, samaki ameshaiva tangu kiwandani. Unakaanga kitunguu na swaumu dakika tatu, nyanya dakika tano, maji ya moto kutoka kwenye birika la umeme, tambi, dakika kumi, samaki anaingia dakika mbili za mwisho ili asisambaratike, ndimu juu, majani ya giligilani kama yapo. Nimeweka saa, dakika 20, na mara moja nilitumia 18 nikiwa nimevaa bado viatu.

Kosa ambalo watu wanafanya ni kumtia samaki mwanzo akaangwe na vitunguu. Anasagika anakuwa unga, anaacha harufu nyumba nzima na tambi zinakuwa na vumbi la samaki. Mwishoni, vipande vikubwa, koroga mara mbili tu basi. Mafuta ya kopo usiyamwage kama ni jodari wa mafuta, yatumie kukaangia kitunguu. Kama ni wa maji ya chumvi, hayo mwaga na punguza chumvi kwenye sufuria.

Dagaa je? Nimejaribu wa Kigoma, wale wadogo wasafi. Wanakuwa watamu kuliko jodari, sikatai, lakini wakaangwe kwanza peke yao wawe wakavu, watolewe, warudishwe mwisho, na hapo umeshaongeza sahani na muda. Siku ukiwa na nafasi.

Kuna na soseji, hizo sina maneno nazo, watoto wanazipenda, zinaiva haraka, kila mtu anajua kuzikata, endelea.

Na kuna tambi za pwani zile nyembamba za sukari, za kukaangwa kwenye samli mpaka zigeuke rangi, zinatiwa maji kidogo, sukari, hiliki na zabibu kavu. Hizo kwetu ni za futari na sijaziweka kwenye mashindano, maana chakula cha jioni chenye sukari kwa watoto wanaotakiwa kulala saa tatu mke wangu hawezi kunielewa. Ila kuna kitu nimeiba kutoka kwenye hizo tambi za sukari: ule ujanja wa kukaanga tambi kavu kabla ya maji. Hata spageti ukizivunja ukazigeuza kwenye mafuta dakika mbili tatu zishike rangi, zinashikana kidogo sana zikiiva na zinakuwa na ladha kama ya karanga. Kwenye tambi za samaki mi nafanya hivyo karibu kila mara.

Sasa zipange pamoja

Kwa muda, samaki ameshinda mbali, 20 kwa 30 ya nazi kwa 35 ya nyama. Tofauti ya dakika 15 inaonekana ndogo ukiwa umekaa unasoma hapa, jaribu kuisubiri na mtoto wa miaka minne amekushika mguu.

Gesi inafuata muda uleule. Mtungi wangu ni wa kilo 6, na zote tatu zina nafuu kuliko njia ya kuchuja kwasababu unachemsha lita moja badala ya kuchemsha lita tatu nne za kumwaga, na jiko moja badala ya mawili. Kati yao nyama ndo inakula zaidi kwa ule ukaangaji wa mwanzo. Ukianza na maji ya birika unaokoa, ila kama umeme wa LUKU uko karibu kuisha piga hesabu mwenyewe.

Kwa hela siwezi kukupa bei maana nitakuwa naongopa kesho zikibadilika, ila nachojua mfukoni mwangu, robo ya nyama iliyoongezwa karoti na hoho inatulisha watatu bila shida, kopo moja la jodari linatulisha pia ila la bei nzuri linakaribia ile robo ya nyama, sadini ziko chini yao wote. Kuku na kopo la tui ukivijumlisha ndo ghali.

Vyombo vyote ni sufuria moja lakini sufuria hazifanani. Ya samaki unaosha na maji na sabuni unamaliza, ndimu uliyokamua tumia ganda lake kufutia harufu. Ya nyama ina ukoko, iloweke wakati mnakula. Ya nazi ina mafuta yanayoganda, maji ya baridi hayatoi kitu, tia ya moto mara tu baada ya kupakua, ukiiacha mpaka asubuhi utaikuta imevaa koti.

Kiporo hapa ndo mambo yanageuka. Nyama ya kusaga kesho yake ni tamu kuliko leo, viungo vimeingia, unaipasha na maji kidogo sababu tambi zinaendelea kunywa rojo usiku kucha hata kwenye friji. Ya nazi usiiache nje usiku kwa joto letu hili la Dar, inachacha, ikishapoa iende friji, na kuipasha iwe moto mdogo yasije yakatokea yaleyale ya mama mkwe. Samaki kiporo chake kinalika, ila usije ukakibeba kazini ukakipasha kwenye maikrowevu ya ofisi, nilifanya hivyo mara moja na mpaka leo kuna dada mmoja akiniona na kontena ananiuliza leo umebeba nini kaka kabla sijafungua.

Watoto wangu mkubwa ni wa nyama, mdogo ni wa nazi, na ya samaki wote wanakula ilimradi nisiite samaki. Naita tambi za ndimu. Wa kwako unawajua mwenyewe.

Kwahiyo mimi navyochagua. Kama nimefika saa moja na nusu au zaidi na friza sijaigusa tangu asubuhi, ni samaki, sijiulizi mara mbili, ndo maana kabatini hakukosi makopo mawili na pakiti ya tambi. Kama nimekumbuka kutoa nyama, au siku ninayojua kesho yake nitachelewa zaidi, napika ya nyama kwa pakiti nzima ya tambi ili tule siku mbili, hapo zile dakika 35 zinagawanyika na inakuwa ndo rahisi kuliko zote. Ya nazi naiacha Ijumaa, kesho hamna shule, hamna anayenikimbiza, au siku mke wangu anatoka zamu asubuhi ya Jumamosi, namwekea yake kwenye kibakuli friji, pilipili nimeitoa, tui zito vijiko viwili nimeliweka pembeni atie mwenyewe akipasha.

Kama huna friji kabisa, nyama pika ya kuisha leo, nazi pika ya kuisha leo, na makopo ndo rafiki yako, ila kopo ukishalifungua limalize, usilifunike na sahani ukalirudisha kabatini.